Namna ya Kupokea Msaada wa Vifaa vya Kinga kwa Askari Polisi wa Jiji

Barua ya kutoa msaada huwa fupi. Mfadhili anaeleza kwamba ana fulana hamsini za kuzuia risasi, kofia ngumu thelathini na maboksi kadhaa ya glavu, na kwamba angependa kuvikabidhi kwa polisi wa jiji katika hafla ndogo mwishoni mwa mwezi. Kazi inayofuata barua hiyo ni ndefu, na ofisi nyingi huitambua baada ya mzigo kushushwa, picha kupigwa na mfadhili kuondoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye barua hiyo imefika mezani kwake, awe ofisa ugavi, mwanasheria wa jiji, katibu wa baraza au ofisa wa polisi anayesimamia vifaa. Unazifuata hatua kwa mpangilio wa kutokea kwake, lakini hauzipi uzito sawa, kwa kuwa kasoro ya karatasi inaweza kurekebishwa wiki ijayo, ilhali kasoro ya fulana hugunduliwa pale askari anapopigwa risasi.

Mamlaka ya kupokea

Kabla ya kumjibu mfadhili, thibitisheni ni nani mwenye mamlaka ya kupokea. Yapo majiji ambayo polisi wake wameajiriwa na jiji lenyewe na hulipwa kutoka kwenye bajeti yake, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Marekani. Huko baraza la jiji hupitisha azimio la kukubali msaada, na vifaa huingia katika rejista ya mali ya jiji kama mali nyingine yoyote. Yapo pia majiji ambayo polisi wake wako chini ya serikali kuu, na meya hana amri juu ya vazi la askari hata mmoja. Katika hali hiyo jiji linaweza tu kuwa kiungo, na njia salama ni makubaliano ya pande tatu kati ya mfadhili, jiji na jeshi la polisi, yakieleza kwamba makao makuu ya polisi yamekubali aina hiyo ya vifaa, kwamba umiliki unahamia kwa polisi, na kwamba jiji halitabeba dhima ya matumizi yake. Mkuu wa kituo asiachwe asaini mapokezi peke yake kaunta, hata kama mfadhili ni jirani anayefahamika.

Azimio au makubaliano hayo yataje jina la mfadhili, orodha ya vifaa na idadi yake, makadirio ya thamani, masharti yoyote yaliyoambatanishwa, na fungu la bajeti litakalogharimia matunzo. Kuhusu thamani, kuweni waangalifu. Fulana iliyokwisha kutumika miaka minne haina bei ya fulana mpya, na mfadhili anayetaka nafuu ya kodi anaweza kupendelea ionekane kwamba inayo. Hati ya jiji ieleze vifaa, hali yake na idadi yake, na kazi ya kuthibitisha thamani mbele ya mamlaka ya kodi aachiwe mfadhili mwenyewe.

Mfadhili naye achunguzwe, kwa adabu. Je, ana zabuni iliyo wazi katika jiji hilo? Je, ana leseni, kibali au kesi inayosubiri uamuzi? Je, anataka fulana zipewe kikosi fulani kinacholinda eneo la biashara yake? Swali hili la mwisho husahaulika, nalo ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu msaada wa namna hiyo huwageuza askari wa umma kuwa walinzi wa mtu mmoja bila kuvunja sheria yoyote iliyoandikwa. Ikiwa zabuni iko wazi, mwombeni asubiri mpaka mshindi atangazwe. Akiomba nembo ya kampuni yake ishonwe kwenye kifua cha askari, jibu ni hapana, na halihitaji maelezo marefu.

Vifaa vikitoka nchi nyingine, kuna hatua zaidi. Mavazi ya kuzuia risasi yamo katika orodha za bidhaa zinazodhibitiwa chini ya Mpango wa Wassenaar, yaani makubaliano ya nchi kadhaa ya kudhibiti usafirishaji wa silaha, ulioanzishwa mwaka 1996, na nchi wanachama huhitaji kibali kabla baadhi yake hayajavuka mpaka. Mfadhili huenda akaombwa hati ya mtumiaji wa mwisho, inayothibitisha nani atakayevitumia vifaa, yenye saini ya taasisi inayopokea. Nchi inayopokea nayo inaweza kuwa na kibali chake cha kuingiza. Fulana zilizowekwa kwenye sanduku la nguo na kubebwa na abiria mwenye nia njema zimewahi kuishia katika ghala la forodha.

Ukaguzi wa fulana

Ombeni orodha na picha za lebo kabla mzigo haujasafirishwa. Orodha iwe na mstari mmoja kwa kila kifaa, kwa kuwa mstari unaosema tu "fulana 50" hauwezi kukaguliwa. Mzigo ukishafika, uwekwe mahali pakavu pa kufungwa kwa ufunguo, na kisitolewe kitu chochote kwa askari mpaka ukaguzi ukamilike.

Ukaguzi wenyewe hufanyika mezani, fulana moja baada ya nyingine. Fulana laini ina sehemu mbili: ganda la nje la kitambaa, lenye mikanda ya kubana mabegani na mbavuni, na paneli mbili za kinga zilizo ndani yake, ya mbele na ya nyuma. Fungueni ganda, mzitoe paneli zote mbili, mziweke kwenye mwanga. Lebo ya kusomwa ni ile iliyoshonwa au kubandikwa kwenye paneli yenyewe. Ganda nalo huwa na lebo, lakini maganda hubadilishwa kama foronya za mito, na ganda jipya linaweza kubeba ndani yake paneli ya miaka kumi iliyopita. Kwenye lebo ya paneli tafuteni jina la mtengenezaji, modeli, namba ya pekee ya kifaa, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, ukubwa, kiwango cha kinga, na maandishi yanayoonyesha upande upi unaelekea mwilini. Paneli ambayo lebo yake imefutika au haipo ihesabiwe kuwa haijulikani, na kisichojulikana hakivaliwi.

Baada ya lebo, pitisheni vidole kando kando ya paneli. Nyuzi za kinga hufungiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ukiwa umepasuka, umefunguliwa na kushonwa upya, au umetoboka hata kidogo, unyevu umeshapata njia. Paneli iliyojikunja pembeni, iliyoacha uvimbe au uwazi katikati, au inayonuka uvundo, iwekwe kando. Fulana iliyowahi kupigwa risasi haijadiliwi, hata kama tundu limeshonwa vizuri kiasi gani.

Ugumu huu una historia. Mwezi Juni 2003, katika mji wa Forest Hills, Pennsylvania, askari mmoja alipigwa risasi na fulana yake ikapenywa, ingawa ilikuwa ya miezi michache tu na risasi ile ilikuwa ya aina ambayo fulana hiyo ilitakiwa kuizuia. Fulana ilitengenezwa kwa nyuzi za Zylon. Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani, inayofahamika kwa kifupi NIJ, ilianza uchunguzi, na katika majaribio ya fulana za Zylon zilizokwisha valiwa, zaidi ya nusu zilipenywa na angalau risasi moja. Ilibainika kwamba nyuzi hizo huharibika zikikutana na unyevu na mwanga, na kwamba kuitazama fulana kwa macho hakuonyeshi uharibifu huo. Mwezi Agosti 2005 taasisi hiyo iliondoa utambuzi wake kwa fulana zote zenye nyuzi hizo. Fulana ya Zylon ikitokea katika msaada leo, ikataliwe papo hapo, na mfadhili aelezwe sababu, maana yawezekana kabisa kwamba hajui anachokishika.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wachache hulitafakari. Fulana mpya za toleo moja zinafanana, hivyo sampuli chache zikipimwa katika maabara yenye ithibati zinaweza kueleza habari za nyingine. Fulana zilizovaliwa hazifanani tena: moja ilikaa miaka mitatu katika buti ya gari juani, nyingine ilitundikwa kabatini bila kuguswa. Kuipima moja hakusemi mengi kuhusu ya pili. Ndiyo maana ule mtindo wa kuchukua fulana moja uwanjani, kuifyatulia risasi mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba zote ni nzima, hauna thamani ya ushahidi, mbali na hatari yake kwa waliosimama karibu. Maabara huifunga fulana mbele ya udongo maalumu wa mfinyanzi, huipiga, kisha hupima bonde lililobaki kwenye udongo; kwa viwango vya NIJ bonde hilo halitakiwi kuzidi milimita 44. Fulana inaweza kuisimamisha risasi na bado ikashindwa, kwa sababu kifua kilicho nyuma yake kingevunjika mbavu. Uwanjani hakuna anayelipima bonde hilo.

Kwa maoni yangu, jiji likubali fulana laini zilizotumika kwa sharti tatu zinazokwenda pamoja: ziwe zimetoka kwa taasisi moja yenye kumbukumbu za nani alizivaa na tangu lini, ziwe bado ndani ya muda wa dhamana ya mtengenezaji, ambao kwa kawaida ni miaka mitano, na mtengenezaji awe amethibitisha kwa maandishi kwamba namba hizo hazijaitishwa zirudishwe kiwandani. Sharti moja likikosekana, zikataliwe. Najua kuna hoja kwamba fulana kuukuu ni bora kuliko kifua kitupu. Hoja hiyo ina uzito kwa raia aliyenaswa katikati ya vita. Kwa jiji lenye bajeti, fulana hiyo huwa kisingizio cha kutonunua nyingine, na askari huvaa imani badala ya kinga.

Kusoma kiwango cha kinga

Kiwango kilichoandikwa kwenye lebo kilinganishwe na hatari halisi za jiji. Viwango vinavyotumika sana duniani ni vya NIJ. Toleo la mwaka 2008, lenye namba 0101.06, liligawa kinga katika ngazi za IIA, II na IIIA kwa risasi za bastola, na III na IV kwa risasi za bunduki. Toleo la 0101.07, lililotoka mwaka 2023, liliiacha ngazi ya IIA, likaziita ngazi za bastola HG1 na HG2, na za bunduki RF1, RF2 na RF3. Kwa miaka kadhaa lebo za aina zote mbili zitaendelea kukutana katika bohari moja, na mtunza bohari aelezwe kwamba HG1 inalingana na II, HG2 na IIIA, RF1 na III, na RF3 na IV, ilhali RF2 ni ngazi mpya iliyo kati ya RF1 na RF3.

Lililo muhimu zaidi kwa majiji mengi ni kisu. Fulana inayozuia risasi si lazima izuie ncha ya kisu, kwa kuwa nyuzi zinazokamata risasi butu zinaweza kuachana mbele ya kitu chembamba chenye makali. Kinga ya kisu hupimwa kwa viwango vyake: NIJ ina kiwango cha 0115.00 cha mwaka 2000, na viwango vya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza vya mwaka 2017 hupima risasi, kisu na ncha kali kama sindano nene. Ikiwa askari wa jiji hujeruhiwa zaidi kwa visu na mapanga, shehena nzima ya fulana za risasi inaweza kuwa zawadi nzuri iliyokosea anwani.

Mabamba, kofia, ngao na vinginevyo

Mabamba magumu yanayoingizwa mbele na nyuma ya fulana hutengenezwa mara nyingi kwa kauri, na kauri huvunjika kimya kimya. Bamba lililoangushwa kwenye sakafu ya saruji linaweza kuwa na ufa usioonekana chini ya kitambaa chake. Kuligonga kwa kidole na kusikiliza sauti kunaweza kulifichua lililoharibika vibaya, lakini hakulithibitishi lililo zima. Picha ya eksirei ndiyo njia inayoaminika. Someni pia kama bamba linafanya kazi peke yake au likiwa mbele ya fulana laini ya aina fulani, kwa sababu bamba la aina ya pili likitumbukizwa katika ganda tupu halitoi kinga iliyoandikwa juu yake.

Kofia ya kutuliza ghasia na kofia ya kuzuia risasi ni vitu viwili, hata zikifanana rangi, na lebo ndiyo inayozitenganisha. Kofia iliyokwisha pokea pigo kubwa itupwe. Ngao za plastiki ngumu zikaguliwe kwa nyufa, mikwaruzo mingi na rangi ya njano inayoletwa na jua, na zisisafishwe kwa petroli wala tina ya kuyeyushia rangi, kwa kuwa huzidhoofisha. Vinyago vya gesi huhitaji kichujio ambacho hakijapita tarehe na ambacho muhuri wake haujafunguliwa, na kila mvaaji apimwe kama kinyago kinashika uso wake. Ndevu huacha hewa ipite kati ya kinyago na uso. Glavu na barakoa ni vitu vidogo, lakini mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, barakoa nyingi zilizogawiwa kwa nia njema katika nchi mbalimbali zilikutwa hazichuji kama zilivyoandikwa, hivyo nazo zisomwe lebo.

Kumvisha mtu sahihi

Fulana hushonwa kwa mwili. Askari akisimama, ukingo wa chini wa paneli ya mbele uwe juu ya mkanda wa kazi kwa upana wa vidole viwili hadi vitatu. Ikishuka zaidi, atakapoketi garini itamsukuma koo, naye ataanza kuiacha kituoni. Paneli za ubavuni zisiache uwazi mkubwa, wala zisipandane hadi kumzuia kupumua. Askari wa kike apimwe kwa vipimo vyake na apewe fulana iliyotengenezwa kwa umbo lake, kwa sababu fulana ya mwanamume hubinuka kifuani na kuacha nafasi kwapani. Ikiwa msaada mzima ni wa saizi kubwa za kiume, semeni hivyo kwa mfadhili mapema, badala ya kuwalazimisha watu kuingia katika vazi lisilowahusu.

Fulana zikiwa chache kuliko askari, amueni kwa maandishi ni nani atakayetangulia, na kigezo kiwe hatari ya kazi. Anayetangulia ni askari wa doria ya usiku, na ofisa anayeshinda ofisini husubiri, hata akiwa na nyota nyingi begani. Kanuni ya kuvaa nayo iandikwe. Marekani ina mpango wa serikali kuu, uliotokana na sheria ya mwaka 1998, unaorudishia majiji hadi nusu ya gharama ya fulana, na tangu mwaka 2011 umewataka wanaofaidika nao wawe na kanuni iliyoandikwa ya kuvaa kwa lazima. Sharti hilo linafaa kuigwa hata pale ambapo fulana haikununuliwa.

Kumbukumbu, matunzo na mwisho wa kifaa

Kila paneli iingizwe kwenye rejista kwa namba yake, jina la aliyepewa, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa dhamana. Fulana zilizopokelewa siku moja mara nyingi hufikia mwisho siku moja. Jiji lililopata fulana hamsini bila malipo litajikuta, baada ya miaka michache, likihitaji fulana hamsini kwa mwezi mmoja bila fungu la kuzinunulia, kwa hiyo mweka hazina aanze kutenga kiasi kidogo kila mwaka tangu mwaka wa mapokezi. Rahisi ghali, walisema wahenga, na cha bure nacho hudai chake polepole.

Askari wafundishwe kulaza paneli bapa zikiwa kavu, wasiziache kwenye buti ya gari, wasizianike juani wala kuzitundika kwenye henga. Ganda la nje linafuliwa. Paneli hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuachwa ikauke kivulini, na haiingii kwenye mashine ya kufulia.

Hafla ya makabidhiano ifanyike baada ya ukaguzi, ili mfadhili ashukuriwe kwa vile tu vilivyokubaliwa. Tangazo kwa umma lieleze nani ametoa, nini kimetolewa na baraza lilikubali lini. Ngazi ya kinga na majina ya vikosi vilivyopewa vibaki kwenye kumbukumbu zinazoonwa na mkaguzi, kwa kuwa anayetaka kumdhuru askari hapaswi kuelezwa risasi ipi itapenya.

Vilivyokataliwa virudishwe kwa barua ya heshima na yenye sababu mahususi, kwa mfano: "Tunashukuru kwa msaada wenu. Fulana 12 zenye namba zilizoorodheshwa hapa chini zimepita muda wa dhamana ya mtengenezaji, na kwa sababu hiyo hatutaweza kuwapa askari wetu." Mfadhili asipotaka kuzichukua, au muda wa vile vilivyopokelewa ukifika, viharibiwe. Fulana nzima iliyotupwa jalalani huokotwa, na ganda lenye neno "POLISI" ni hatari zaidi kuliko paneli iliyo ndani yake, kwa kuwa humfungulia mhalifu mlango wa nyumba ya mtu. Paneli zikatwe vipande au zipelekwe kwa mtengenezaji anayezirejeleza, ganda likatwe mbele ya mashahidi wawili, na namba ya kila kipande ifutwe kwenye rejista siku hiyo hiyo kwa saini zao.